Sola au jenereta? Uliza kwanza kinakula kiasi gani kikiwa hakina kazi

Saa tisa usiku inveta, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ya sola kuwa umeme wa nyumbani, ilianza kulia. Pii, pii, pii. Kabla ya kulala nilikuwa nimezima taa zote na runinga, hata chaja ya simu niliichomoa. Kimita cha betri kilikuwa kinasoma volti 12.3. Nilipoamka na kukimulika kwa tochi, kilisoma 10.8. Umeme ulikuwa umekwenda, na hakuna aliyeutumia.

Wiki mbili nzima nililaumu betri, kisha nikalaumu mawingu. Mwishowe nikaazima klampu ya kupimia ampea, ile inayobana waya bila kuukata, nikaibana kwenye waya mnene unaotoka kwenye betri. Inveta ilikuwa imewashwa, na haikuchomekwa kitu hata kimoja. Ampea 2.3. Zidisha kwa volti 12.6, unapata wati 29. Sanduku lilikuwa linajilisha lenyewe.

Piga hesabu ya siku nzima: wati 29 kwa saa 24 ni karibu wati-saa 700. Betri yangu ya asidi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri za namna hiyo ukizishusha chini ya nusu kila siku unaziua mapema. Kwa hiyo za kutumia kweli ni 600. Inveta pekee ilikuwa inataka zaidi ya hapo kabla sijawasha balbu. Paneli ya wati 200 ilishinda juani kutwa kulisha chuma kinachopozwa na feni yake, na betri haikuwahi kushiba tangu nilipoinunua. Betri ya asidi ikikaa na njaa siku nyingi hujenga ukoko wa salfeti kwenye sahani zake, na ndiyo maana ilizeeka kabla ya umri wake.

Kosa langu? Nilinunua inveta ya wati 3,000 wakati matumizi yangu yote hayafiki 400. Muuzaji alisema, "Chukua kubwa, dada, usije ukajuta." Nilichukua kubwa, na nikajuta.

Kwa hiyo ufanisi wa paneli sitauzungumzia hapa, kila mtu anauzungumzia. Paneli nyingi za leo zinazidiana kidogo tu, na mara nyingi ndicho kifaa kisichokusumbua kuliko vyote. Mimi napanga vitu kwa swali moja: kikiwa kimewashwa na hakina kazi, kinakula nini?

Nafasi ya kwanza, bila kuona haya, naipa sola yenye betri ya lithiamu ya chuma-fosfeti na inveta ndogo ya Victron. Ndiyo, nawapendelea hawa Waholanzi na visanduku vyao vya buluu. Phoenix yao ya 12/800 ikiwa haina mzigo, yaani hakuna kifaa kinachotumia umeme wake, inakula wati zisizofika 7, na ukiiweka kwenye hali ya kusinzia inashuka hadi chini ya wati 2. Ikisinzia huamka kila baada ya sekunde chache kuchungulia kama kuna kilichowashwa. Kuna kero yake: balbu ndogo ya LED inaweza kupepesa tu bila kuwaka, kwa sababu inveta haijaiona. Mimi nimezoea. Betri ya lithiamu nayo inakubali kushushwa asilimia 80 au zaidi bila kununa, na ni nyepesi karibu nusu ya ile ya asidi. Sharti moja tu: isichajiwe ikiwa imeganda chini ya nyuzi 0.

Ya pili ni mpango huohuo ukiongezewa jenereta ndogo ya petroli kwa ajili ya juma la mawingu. Hapo nitasema kweli: mawingu yakikaa siku tano, petroli inashinda. Lakini usidhani jenereta imeepuka swali langu. Lita moja ya petroli ina takriban yuniti 9 za nishati. Honda EU22i, ambayo ndiyo ningeinunua, ina tangi la lita 3.6. Kwa mzigo kamili wa wati 1,800 inakwenda saa 3.2, yaani unapata kama yuniti 1.6 kwa lita. Nyingine zote ni joto, moshi na kelele. Kwa robo ya mzigo inakwenda saa 8.1, na sasa lita inakupa yuniti 1 tu. Na hiyo ni jenereta inayojua kupunguza mwendo wa injini. Zile za kawaida zinazotoa umeme wa hezi 50 zinazunguka mara 3,000 kwa dakika, uwe unaendesha pampu au unachaji simu. Iweke nje, mbali na madirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na watu hawaamki.

Dizeli? Ni ya mwenye mzigo mkubwa wa kudumu. Ukiiendesha na mzigo mdogo kila siku mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye injini, na bomba la moshi linaanza kutokwa na ute mweusi. Injini inaumwa kwa kukosa kazi!

Upepo ninauweka mbali. Upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane, na juu ya paa la nyumba upepo huwa umechafuka kwa kuta na miti.

Vya bei nafuu: betri ya gari na inveta ya mawimbi ya ngazi, ile ambayo umeme wake unaruka kwa vidato badala ya kupanda na kushuka kwa ulaini. Betri ya gari imeundwa kuwasha injini, si kukesha. Acha.

Sasa wauzaji. Tunalipishwa kwa namba kubwa iliyo kwenye boksi, na namba yenyewe mara nyingi ni ya kilele cha sekunde chache. Halafu kuna chaji kontrola, vile visanduku vinavyosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri, zilizoandikwa MPPT (aina inayokamua nguvu yote ya paneli) ambazo ndani ni PWM tupu, aina rahisi inayoishusha paneli hadi volti za betri. Kwa paneli ya volti 18 na betri ya 12, hiyo inakupotezea karibu robo ya umeme wako au zaidi. Ibebe mkononi: MPPT ya kweli ina koili na chuma cha kupoza joto, ina uzito. Ikiwa nyepesi kama boksi la viberiti, irudishe. Niliporudisha inveta yangu na vipimo vyangu, muuzaji hakubisha wati 29. Aliniambia niongeze paneli.

Jioni ile nikafungua kijitabu cha inveta kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa mwisho, chini ya vipimo vya boksi na rangi ya waya, kulikuwa na mstari wa "no load current", yaani umeme inaokula ikiwa haina kazi, na mbele yake imeandikwa chini ya ampea 2.5. Walikuwa wamesema. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma boksi.