Kusomewa karatasi za babu aliyekuwa Keya: uzoefu wangu na mtafiti wa kulipwa, Kampala

Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Unampelekea mtafiti picha za cheti cha kuachishwa jeshi na kitabu cha malipo, naye anakurudishia mstari kwa mstari kilichoandikwa na maana yake. Anatoza kwa ukurasa. Kwa kusoma, nampa nyota nne. Kwa kile kifurushi cha ziada cha "kutafuta faili la askari London", msilipe.

Vifupisho ndipo alipostahili hela yake. S.O.S. si kuomba msaada wala si kufukuzwa. Maana yake jina limeondolewa kwenye hesabu ya kikosi, hata kama mtu amehamishwa tu. T.O.S. ni kuingizwa. Zisome mbili mbili: pengo kati ya kutoka huku na kuingia kule huwa ni safari, likizo au hospitali. Na "1/4 KAR" si Aprili mosi, ni batalioni ya kwanza ya Keya ya nne, ya Uganda. Kwa Burma mwaka 1944 tafuta batalioni ya 4, 34 au 44, zote za Uganda ndani ya Divisheni ya 11 (ya Afrika Mashariki). Keya ya 7 pia ni ya Uganda, ila ilikuwa Brigedi ya 28.

Mimi naamini ukurasa wa malipo kuliko wa utumishi. Huu wa pili mara nyingi unaona wazi umejazwa kwa mkupuo, wino mmoja na mwandiko mmoja, lakini karani wa fedha ilibidi hesabu yake ikubali. 28/50 ni shilingi 28 na senti 50. Mshahara ukipanda, shika tarehe hiyo, kwani huenda ndiyo ya kupewa ukoplo. Ukishuka ghafla usikimbilie kusema alipigwa faini: angalia kwanza kama fungu la familia lilianza kukatwa, au akiba ya Posta, au vifaa vilivyopotea. Hapa ndipo mtafiti alipoboronga. Baki iliyovushwa kutoka chini ya ukurasa mmoja hadi juu ya unaofuata aliihesabu kama mshahara mpya, jumla ikavimba. Rudia hesabu mwenyewe.

Jina lisikusumbue sana, makarani walichanganya l na r walivyotaka. Linganisha nambari ya jeshi pamoja na herufi zake za mbele, kisha saza, gombolola na muluka, yaani ngazi za utawala za nyumbani kwake kuanzia kubwa hadi ndogo. Medali za Vita vya Pili vya Dunia hazisaidii kumtambua mtu, maana Uingereza ilizitoa bila kuchonga majina.

Kuhusu London: kilichopo kule, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, ni shajara za vita za vikosi, si faili la askari mmoja mmoja: mfululizo WO (War Office, wizara ya vita) 169 kwa Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki, na WO 172 kwa Burma. Kwa kawaida maofisa wanatajwa kwa majina, askari wa kawaida kwa idadi. Zinafaa ukishajua batalioni na miezi, si kabla.

Kabla ya kutuma, piga picha kurasa zote, hata zilizo tupu na jalada, kwa sababu muhuri hupenya upande wa pili. Penseli iliyofifia huonekana mwanga wa dirisha ukipita kwa ubavu. Karatasi usizitie laminesheni kabisa. Na mwambie mapema: asiposoma neno aandike "halisomeki", asikisie.