Muhina usioisha wa mwanangu: huduma tuliyopata kwa anjiofibroma ya pua

Kama una kijana wa kiume anayebalehe, anatokwa na muhina (damu puani) mara kwa mara upande mmoja, na upande huohuo pua imeziba, naomba usome hapa.

Mwanangu ana miaka 15. Tulianza kwa dawa za mafua, zikafuata za mzio. Kituo kimoja kikasema ni nyama za pua, wakataka kukata kinyama kidogo palepale kwenye kiti ili kipelekwe maabara. Mtoto akagoma kwa woga. Namshukuru Mungu kwa woga ule.

Hospitali ya rufaa, daktari wa masikio, pua na koo alimwingizia kamera nyembamba puani, nami nikaona kwenye skrini: kitu chekundu cha kukolea, laini, kinang'aa, kimejikita nyuma kabisa ya pua. Hakukigusa. Aliagiza CT (picha ya eksirei ya kompyuta) yenye dawa ya kuonyesha mishipa, kisha akatukalisha na kutueleza bila haraka. Ni anjiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Si saratani, na huwapata wavulana karibu peke yao. Lakini ukiachwa, uvimbe huo unaweza kusogea hadi kwenye jicho au kula mfupa wa chini ya ubongo. Mishipa yake haina misuli ya kujikaza, kwa hiyo ukiikata damu inamwagika tu. Ndiyo maana kinyama hakikatwi kliniki. Picha na maelezo ya mgonjwa vinatosha kuutambua. Alituonyesha kwenye picha ukuta wa nyuma wa sinasi ya shavu (uwazi wenye hewa ndani ya mfupa wa shavu), umesukumwa mbele umepinda kama upinde. Hata mimi nisiye daktari niliuona.

Kabla ya upasuaji waliziba kwanza mishipa inayolisha uvimbe. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi karibu na shavu, wanamwaga chembechembe za kuziba. Baada ya hapo shavu lilimuuma na akapata homa kidogo, tulikuwa tumeshaambiwa. Kesho yake akaingia chumba cha upasuaji, nusu kaputi, wakautoa wote kwa kupitia puani. Uso hauna kovu hata moja. Kwa hatua hii sina cha kulalamika. Huyu daktari ningempelekea mtoto wa yeyote.

Nyota nne badala ya tano, na sababu ni mipango. Habari ya kutafuta ndugu wa kuchangia damu tulipewa jioni ya mwisho, tukahangaika kupiga simu usiku, wakati kila mtu pale alijua ugonjwa huu humwaga damu nyingi. Gharama ya kuziba mishipa nayo ilitajwa tukiwa tumeshalazwa. Hayo uulize siku ya kwanza: damu itatoka wapi, kuziba mishipa kunafanyika hapahapa au tunapelekwa kwingine, na bima inalipia kiasi gani.

Sasa analala mdomo umefungwa na hakoromi. Bado tuna kliniki na picha za MRI (za mashine ya sumaku) za kufuatilia, kwa sababu mabaki yakibaki uvimbe unaweza kuota tena. Ukipewa majibu, omba na CD ya picha zenyewe, usiondoke na karatasi tu. Daktari wa baadaye atataka kulinganisha.