Kipimo cha mifupa: mashine safi, mapokezi hapana

Mamangu ana miaka 68. Aliteleza uani akianua nguo, akajizuia kwa mkono, kifundo kikavunjika. Daktari aliyemfunga plasta akasema kuanguka kudogo vile si kwa kuvunja mfupa wenye afya, akatuandikia kipimo cha Deksa, eksirei ndogo ya kupima uzito wa madini mfupani. Kituo chenyewe kiko kisiwani Mombasa. Jina sitaji, maana nina ugomvi nao.

Nilipiga simu, nikapewa miadi ya saa tatu asubuhi. Hakuna aliyenambia kwamba vidonge vya kalsiamu havimezwi siku nzima kabla ya kupimwa, kwa sababu kidonge ambacho hakijayeyuka tumboni chaweza kuharibu picha ya uti wa mgongo. Mama alishameza chake na chai. Tukarudishwa. Mtu na plasta yake, kavuka feri ya Likoni akisukumwa na umati, tuktuk mpaka mlangoni, halafu "njooni kesho". Hata pole hatukupewa.

Kesho yake tukampata mpimaji, kijana mpole. Akamtoa mama bangili kwa sabuni. Moja iligoma, akasema basi, mkono ukae mbali na nyonga. Mama akalala chali, miguu juu ya mto mgumu, na mashine ikapita juu yake bila kumgusa. Dakika kumi hivi, na mionzi yake ni kidogo mno.

Jibu, ambalo hulinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya, likatoka hasi 2.9. Kuanzia hasi 2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu. Mapokezi walitukabidhi bahasha tu, kama risiti ya stima. Mpimaji ndiye aliyevuta kiti akatueleza.

Kumbe mfupa haukai hivi hivi. Kuna seli ziitwazo osteoklasti: hujibandika juu ya mfupa, zikamwaga asidi ya kuyeyusha madini, kisha vimeng'enya vya kula kolajeni, ile protini inayoshika mfupa, pakabaki kishimo. Kazi ya wiki tatu hivi. Nyuma yake huja osteoblasti, zitandike kolajeni kwanza, ndipo kalsiamu na fosfeti zigande humo, na hiyo ni miezi mitatu hata minne. Mimi ni mshonaji, nikaelewa papo hapo: kufumua gauni ni saa moja, kulishona upya ni kutwa. Mtu mzima hubadilishiwa kama asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Lakini mwanamke akikoma hedhi, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwashika mkono wafumuaji. Kilichonishangaza zaidi: baadhi ya osteoblasti huzikwa ndani ya kazi yao wenyewe, zikageuka osteositi, na hizo ndizo zinazohisi uzito mtu akitembea na kuamuru wapi paongezwe. Ndiyo maana akahimizwa kutembea.

Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi wa kubomoa wanadamka, na wa kujenga wamekula arubuni wakatoweka."

Sasa daktari amempa alendronati, kidonge kimoja kila Jumamosi alfajiri: tumbo tupu, gilasi nzima ya maji, nusu saa asilale. Dawa hujishika mfupani, na osteoklasti ikija kula pale, hulegea.

Nawapa nyota tatu, zote za mpimaji na mashine yake. Tumeambiwa turudi baada ya miaka miwili. Safari hiyo habari ya vidonge nitaiuliza mwenyewe kabla hatujakanyaga feri.