Uzoefu wangu na sieve-connect, nikiwa Kisumu na netiweki ya kubahatisha

Kama seva yako ya imeli inatumia Dovecot (programu inayohifadhi imeli na kuwapa watumiaji) na bado unaingia webmail kila ukitaka kubadilisha filta, weka sieve-connect leo, programu ndogo ya kupandisha sheria za imeli kwa seva. Mimi nashughulikia imeli za maofisi kadhaa hapa Kisumu, nyingi ziko Milimani na kule Oginga Odinga Street, ingine moja iko Kakamega, na kusema ukweli kwa upande wa imeli hakuna kitu kimenipunguzia kazi kama hii programu.

Kwa wale hawajui, Sieve ni lugha ndogo ya kuandika sheria za imeli, iko kwa RFC 5228 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya 2008. Unaandika sheria zako, zinakaa kwa seva, barua ikiingia inapangwa hapo hapo kabla hata simu yako haijaiona. Na hapo ndio faida iko jamani. Filta ukiiweka ndani ya Thunderbird inafanya kazi tu wakati kompyuta imewashwa, sasa stima ikipotea ofisini na mkubwa ako safarini Busia na simu, anafungua anapata kila kitu kimerundikana pamoja. Ikikaa kwa seva, kompyuta inaweza zimwa wikendi nzima na LPO (oda za kununua bidhaa) bado zinaingia folda ya LPO, barua za kra.go.ke zinaingia folda yao.

Sasa hizo skripti unazifikishaje kwa seva? Kuna protokali inaitwa ManageSieve, RFC 5804, inatumia poti 4190, na sieve-connect ndio ya kuongea nayo kwa taminali, lile dirisha la kuandika amri. Imeandikwa kwa Perl, kwa Debian na Ubuntu ni apt install sieve-connect na umemaliza. Unaandika sieve-connect -s na jina la seva, -u na jina la mtumiaji, inakuuliza paswadi, halafu list inakuonyesha skripti zilizoko na ni gani inafanya kazi, put ya kupandisha, get ya kushusha, activate ya kuwasha, delete ya kufuta. Data inayotumia ni kidogo sana, manake skripti yenyewe ni maandishi tu. Nimewahi kurekebisha filta za mteja nikiwa kwa matatu ya Kakamega na hotspot ya simu, netiweki inaingia ikitoka, na ile webmail yao saa hiyo hata ukurasa wa kwanza haungefunguka.

Kitu napenda zaidi ni hivi, ukipandisha skripti yenye kosa seva inaikataa na inakwambia shida iko wapi, na ile ya zamani inabaki vile ilikuwa, yaani imeli za watu hazisimami juu ya semikoloni moja. Hata ukitumia fileinto (amri ya kuweka barua kwa folda) bila kuiweka kwa require (mstari wa kutaja nyongeza unazotumia) pale juu, inakataa. Lakini shika hii: put peke yake haiwashi skripti mpya. Kama umeipa jina jipya lazima uiambie activate, na ni skripti moja tu inaweza kuwa imewashwa kwa akaunti, kwa hivyo sheria zako zote ziweke ndani ya hiyo moja ama utumie include (amri ya kuita skripti ingine) kama seva yako inaikubali.

Ile majibu ya likizo nayo, vacation, inasumbua watu sana. Utasikia mteja akisema haijibu. Mara nyingi barua ilitumwa kwa info@ ambayo ni alias, yaani anwani ya ziada inayoleta barua kwako, na vacation haijibu kama anwani yako haiko kwa To ama Cc, hiyo iko hivyo makusudi ndio isianze kujibu orodha za watu wengi. Dawa ni kuongeza :addresses na hizo anwani zote unazopokelea. Na :days 3 inamaanisha mtu mmoja hatajibiwa tena hadi siku tatu ziishe, kwa hivyo ukijitestia mara mbili na ukose jibu la pili usidhani imeharibika.

Malalamiko yangu? sieve-connect inakagua cheti cha TLS (kinachothibitisha seva ni ya kweli) kwa ukali, na mimi naona hiyo ni sawa kabisa, lakini ujumbe wa kosa unaotoa mtu mgeni hataelewa. Kuna hosting moja mteja wangu alikuwa amelipia, cheti cha poti 4190 kilikuwa kimeexpire na cha webmail kiko sawa, tukahangaika mchana mzima kabla wakubali shida iko kwao. Pia haikuwekei historia, ukiandika juu ya skripti ile ya kwanza imeenda, kwa hivyo mimi kila skripti iko kwa git (programu inayotunza historia ya mabadiliko) na kila ofisi iko na folda yake, nikibadilisha natumia --upload (ya kupandisha) na --localsieve (ya kutaja faili iliyo kwa kompyuta yangu) kutoka hapo hapo.

Kama imeli yenu iko Gmail hii haitawasaidia, Gmail haiongei ManageSieve. Kama ni seva yenu wenyewe, muulize aliyeiweka kama poti 4190 iko wazi na kama Pigeonhole (nyongeza inayoipa Dovecot uwezo wa Sieve) imewekwa pamoja na Dovecot, hizo mbili zikiwepo jioni hiyo hiyo filta zako zitakuwa zinafanya kazi.