Bima ya kisanduku kwa dereva wa miaka 18: mwaka mmoja baadaye

Leseni ya kitindamimba wangu ilitoka siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikampigia wakala ambaye amenikatia bima kwa miaka mingi, nikiwa nimejiandaa kulipa zaidi kidogo ya ninacholipa mimi. Nilimpa maelezo ya gari langu mwenyewe ili nipate kulinganisha: gari lilelile, linalala ndani ya geti lilelile, linatembea umbali uleule. Nikabadilisha dereva tu. Kotesheni iliyorudi ilikuwa mara tatu na nusu ya ada yangu. Nikamwambia arudie hesabu, akarudia. "Hujasikia vibaya, mama," akasema. "Ni umri, na ni leseni ya jana."

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye yuko pale nilipokuwa siku ile, ameshika karatasi na hajui aanzie wapi. Mwishowe tulikata bima ambayo kampuni inapima namna kijana anavyoendesha na kupanga ada kutokana na hapo. Nyumbani tunaiita bima ya kisanduku. Tumeitumia mwaka mzima. Jina la kampuni sitalitaja, maana nina malalamiko nayo, ila ningeikata tena kesho.

Kwanza ile mara tatu na nusu. Nilikasirika, nikadhani wanatukamua. Baadaye nikakubali kwamba kuna sababu. Dereva mpya hana historia yoyote ya kumsemea, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza wazi kwamba majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mwanangu yumo humo. Dada yake alipoanza kuendesha alilipa chini ya hapo, na huyu mdogo wake akalalamika kwamba anatozwa kwa kuzaliwa mvulana. Katika Umoja wa Ulaya angekuwa na hoja: tangu tarehe 21 Desemba 2012 kampuni za bima huko haziruhusiwi kupanga ada tofauti kwa mwanamume na mwanamke. Kwingine wanaangalia jinsia bado. Umri na muda wa leseni ndivyo vinavyotuumiza zaidi, na hivyo huwezi kuvibadilisha kwa kubembeleza kwenye simu.

Ukweli ni kwamba fedha nyingi tuliziokoa kabla hata ya kununua gari. Tulikuwa karibu kumchukulia gari la mkono wa pili la lita 2.0 lenye turbo, zuri, limetunzwa, muuzaji mtu tunayemfahamu. Nikaomba kotesheni ya gari lile kabla ya kutoa hata senti, na nyingine za magari mawili madogo. La injini ya lita 1.2 lilikuja chini sana. Tofauti ya ada ya mwaka mmoja ingenunua matairi manne na betri mpya, na chenji ikabaki. Kijana alinuna wiki nzima. Alipoacha kununa akaja na picha za rimu pana na vioo vyeusi, nikampigia wakala tena. Kumbe badiliko lolote kwenye gari linatakiwa litajwe, na ukilifunga kimyakimya unawapa sababu ya kubishana nawe siku ya ajali. Rimu zikabaki kwenye picha.

Halafu akaja kaka yangu na ushauri wake, kwa nia njema kabisa. Alisema niandike jina langu kama dereva mkuu, kijana aingie kama dereva wa ziada, ada itaporomoka. Gari ni la kijana, analiendesha kila siku kwenda chuoni, mimi nina langu. Sikuficha, nilimweleza wakala wazo lenyewe kama lilivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mama, siku akigonga mtu, utawaambia gari lilikuwa linaendeshwa na nani kila siku?"

Sikuwa na jibu. Huo ni udanganyifu, na kampuni ikigundua inaweza kukataa madai na kufuta mkataba. Ukishafutiwa, doa hilo linakufuata, kwa sababu fomu za bima huwa zinauliza kama umewahi kufutiwa au kukataliwa. Wakala akanionyesha njia iliyo halali, ambayo ni kugeuza: kijana awe dereva mkuu, mimi mwenye rekodi safi niingie kama dereva wa ziada kwenye bima yake. Kweli gari lile huwa naliendesha Jumamosi langu likiwa gereji. Ada ikashuka kama sehemu moja ya kumi, na hakuna mahali nilipoandika uongo.

Nilitegemea pia kwamba nikichukua bima ndogo, ile inayolipa watu wa nje tu, ningepata nafuu kubwa. Hapana. Kwenye kampuni mbili tofauti ilikuwa kiduchu, na kwenye moja bima ndogo ilizidi bima kubwa. Wakala alinieleza kwamba hofu yao kubwa si bodi ya gari dogo la mkono wa pili. Wanachohofia ni mtu kuumizwa, matibabu yake na fidia yake, na hilo liko kwenye bima zote mbili. Kwa hiyo omba kotesheni za zote, usikisie.

Kipengele kilichonipotezea muda mwingi ni kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Ukikubali kubeba zaidi, ada inashuka, na nilikuwa mbioni kukipandisha hadi juu kabisa. Nikasoma ukurasa wa saba wa mkataba. Kulikuwa na kiasi cha lazima, juu yake kile nilichochagua mimi, na juu yake kingine cha dereva wa chini ya miaka 25. Vyote vitatu vinajumlishwa. Nikaangalia akiba yetu, nikajiuliza kama ningeweza kukitoa siku yoyote bila kukopa, nikarudisha chini. Mwezi wa tano alirivasi kwenye nguzo ya maegesho, akapasua bampa na taa moja. Bili ya fundi ilikuwa chini ya jumla ile, tukalipa wenyewe. Kampuni tuliijulisha hata hivyo, kwa sababu mkataba unataka kila ajali itajwe hata kama hudai kitu.

Sasa kisanduku chenyewe. Kampuni ilitupa njia mbili: programu kwenye simu ya kijana, au kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kwenye tundu lile ambalo fundi huchomeka mashine ya kupimia gari. Tulianza na simu kwa sababu ilikuwa rahisi. Kinachopimwa ni mwendo, kukanyaga mafuta kwa ghafla, kufunga breki, kukata kona, umbali, saa za safari, na kama simu inashikwa gari likitembea. Kila wiki unapata alama kati ya 100.

Mwezi wa kwanza alipata 61. Nilidhani atatupa simu. Badala yake alikuja mezani usiku, akaweka simu katikati yetu, akaikuza ramani kwa vidole viwili. Vidoti vyekundu vya breki vilikuwa vimerundikana mahali pamoja, kwenye mteremko unaoingia mzunguko wa magari: mara tisa katika wiki nne. "Mama, si kwamba nakimbia," akasema. Nikamwambia anieleze anavyoshuka pale. Alieleza polepole, gari la mbele lipo hapa, mimi nipo hapa, na alipoweka kidole chake cha pili mezani kiligusana na cha kwanza. Akakitazama. Hakuna aliyesema neno. Kuanzia wiki ile akaanza kuhesabu sekunde mbili kati yake na gari la mbele, kwa sauti, hata mimi nikiwa ndani. Mwezi wa tatu vidoti vya mteremko ule vilikuwa viwili, na alama zilifika 84.

Kwa hilo peke yake ningewapa heshima yao. Nimeendesha miaka 22 na nilimfundisha kwa miezi, na katika miezi hiyo yote sikuwahi kumwonyesha kitu kwa namna ile. Mwendo pia alikuja kuuona. WHO wanasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Nilimsomea takwimu hiyo mara kadhaa bila mafanikio. Grafu yake mwenyewe ya Ijumaa jioni ndiyo iliyomfanya apunguze.

Malalamiko yangu yanaanzia mwezi huohuo wa tatu. Rafiki yake alimpa lifti, akakaa kiti cha nyuma, na rafiki akakimbiza gari kama wanafukuzwa. Simu ilikuwa mfukoni mwa mwanangu, na programu ikaamini ni yeye anayeendesha. Alama zikaanguka hadi 58 kwa safari moja. Kuna sehemu ya kubonyeza kwamba ulikuwa abiria, lakini muda wa kufanya hivyo ni mfupi na hakuna aliyetuambia. Nilipiga simu huduma kwa wateja. Wa kwanza akaniambia nitume barua pepe. Barua pepe ikajibiwa na ujumbe wa kiotomatiki. Wa pili akasema mfumo hauruhusu kurekebisha, wa tatu akasema unaruhusu. Siku 11 zilipita kabla safari ile haijafutwa, na katikati ya siku hizo tulipokea onyo kwamba ada itapandishwa. Kijana aliyekuwa anahesabu sekunde mbili kwa sauti aliniuliza kama kuna maana ya kujitahidi. Hilo ndilo lililoniuma. Tukaomba kifaa cha kuchomeka kwenye gari, kikafungwa kwa dakika 20, na tatizo la kuwa abiria halijarudi tena. Ukipewa kuchagua, anza na cha kuchomeka.

Saa za usiku nazo zilituletea mjadala. Safari yoyote kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri inapunguza alama, hata ukiendesha kwa adabu zote. Mwanzoni niliona ni uonevu. Ila hawakulibuni wao: New Zealand ilianzisha leseni ya hatua kwa hatua mwaka 1987, na dereva wa hatua ya kati huko haruhusiwi kuendesha peke yake usiku wa manane wala kubeba rafiki zake bila dereva mzoefu pembeni. Usiku na gari lililojaa vijana wenzake ndipo dereva mpya anapoumia. Niliposoma hayo nikaacha kupigana na kampuni, na mwanangu akakubali kwamba usiku wa sherehe analala hukohuko au mimi nakwenda kumchukua. Kama kijana wako anafanya kazi ya zamu za usiku, bima hii haimfai kabisa, msipoteze muda.

Kuna jambo ambalo hakuna wakala anayelitaja. Mzazi mwenye akaunti anaona kila mahali gari lilipopita. Usiku mmoja alichelewa, nikafungua ramani, nikaliona gari limesimama mtaa nisioujua. Alipofika nikamuuliza alikuwa na nani kule. Akajua. Hakupaza sauti, alisema tu, "Ungenipigia, mama." Nilimwomba radhi, na nilimaanisha. Tangu hapo tunafungua ramani pamoja, Jumapili, au siku ya dharura. Ulizeni pia kampuni inatunza taarifa hizo muda gani na inampa nani. Sisi walitujibu kwa maandishi, na barua hiyo nimeihifadhi.

Kuhusu malipo, tulilipa mara moja kwa mwaka. Ya kila mwezi inavutia, lakini kwenye kotesheni yetu ilikuwa ni mkopo wenye riba, na jumla yake ilipita ya mkupuo kwa kiasi cha kutosha. Asiye na uwezo wa mkupuo alipe kwa mwezi bila aibu, ila aisome ile jumla ya chini kabisa, asiishie kwenye kiasi cha mwezi.

Mwaka ulipoisha alama zilikuwa 88 na hakuna madai. Kampuni ikaleta ada mpya, imeshuka karibu theluthi. Nilitaka kulipa palepale kwa furaha. Binti yangu akanizuia, akaomba kotesheni sehemu nyingine tatu, na moja ikatoa ya chini zaidi kwa masharti yaleyale. Nikawapigia wetu, nikawasomea. Wakashuka wakalingana nayo, jambo ambalo wasingelifanya kama ningenyamaza. Tumebaki nao, kwa sababu ya kisanduku na ile ramani ya mteremko.

Kati ya nyota tano nawapa nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya siku zile 11. Kijana ameomba barua ya kuthibitisha mwaka mzima bila madai, ile anayoweza kuhamia nayo kampuni yoyote, na imekuja ikiwa na jina lake. Ameitia kwenye faili moja na leseni.