Fonti za Mbwembwe kwa Bango la Biashara Mwanza: Ipi Uichukue

Kabla hujalipia fonti yoyote, iandikie maneno yako mwenyewe. Sampuli za dukani zimepangwa zipendeze. Wewe unataka "Supu ya Ng'ombe", "Sato Choma Kirumba", bei na namba ya simu. Kagua k, w, y na z, maana Kiswahili kinazitumia mno. Kagua pia ritifaa ya ng'. Zipo fonti za bure zisizo nayo, na hapo kompyuta huiazima kwenye fonti nyingine, ikakaa kama mgeni. Huku Usukumani, majina ya Ng' yalivyo mengi, hilo peke yake linatosha kuikataa.

Namba moja kwangu ni Fredoka. Ni nene, ya mviringo, inachangamka na bado inasomeka. Ina uzito kuanzia mwembamba hadi mzito, hivyo jina la duka na orodha ya bei vinatoka familia moja. Inapatikana bure Google Fonts, tovuti ya fonti ya Google, kwa leseni huria ya fonti iitwayo OFL, inayoruhusu biashara. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kwa chekechea, keki na aiskrimu sioni ya kuishinda. Kwa stika za Hiace ndiyo kabisa: herufi yenye mkia mwembamba, mashine ikishaikata, mkia ndio wa kwanza kubanduka, jua likiwaka na gari likioshwa kila jioni. Fredoka haina mikia hiyo.

Ya pili ni Cooper Black. Oswald Cooper aliichora Chicago, ikatoka mwaka 1922, na mpaka leo inavutia kwenye saluni, migahawa na fulana. Huja na Microsoft Office, kwa hiyo huenda tayari unayo. Ni nzito mno. Usiiandikie menyu nzima.

Lobster ya Pablo Impallari, ya mwaka 2010, naiweka ya tatu. Herufi zake ndogo zinaungana vizuri, na lebo ya asali hupendeza nayo. Lakini imetumika kila kona, na ukiandika MAMA LISHE kwa herufi kubwa tupu, inaharibika vibaya.

Bangers ya Vernon Adams ni ya vibonzo: bonanza la mpira, ofa ya wikiendi, si zaidi.

Mwisho kabisa ni zile fonti zinazotolewa bure kwa "matumizi binafsi" tu. Bango la duka si matumizi binafsi. Ukiipenda mojawapo, nunua leseni ya biashara kwa aliyeichora, na usome kama inahusu uchapaji tu au na tovuti pia.

Faili likienda kwa mchapaji, geuza kwanza maandishi yawe michoro, la sivyo kompyuta yake isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine. Kisha mwombe achape jina peke yake kwa ukubwa halisi, mlibandike ukutani, uvuke barabara ukalisome. Herufi zikibanana, ongeza nafasi kati yake. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko kuchapa bango zima upya.