Bucciarati au Giorno: nani zaidi?

Wapenzi wa sehemu ya 5 ya JoJo's Bizarre Adventure, manga (hadithi ya katuni) ya Kijapani ambayo sehemu hiyo ilianza kutoka mwaka 1995, hawaishi kubishana kuhusu hawa mafia wawili wa Napoli.

Kwa historia, Bucciarati anaongoza, tena kwa mbali. Mtoto wa mvuvi. Wazazi walipoachana, alichagua kubaki na baba ili mzee asiwe mpweke. Baadaye baba akapigwa risasi na wauza unga. Walipomfuata hospitalini kummalizia, mtoto wa miaka 12 alikuwa anawasubiri na kisu. Akajiunga na genge la Passione kutafuta ulinzi, kumbe nalo linauza unga! Giorno naye alipigwa na baba wa kambo, akafundishwa utu na jambazi aliyemwokoa, ila simulizi yake inapita haraka mno.

Tabia? Bucciarati humlamba mtu jasho shavuni ajue kama anadanganya (kinyaa kitupu), lakini vijana wake wako tayari kumfia. Giorno, miaka 15, hatetereki. Mara nyingine hatetereki hadi anachosha.

Kwa nguvu, Giorno hana mpinzani: anavipa vitu uhai, hata kutengeneza kiungo kilichokatika. Bucciarati naye ana uwezo wa kuweka zipu kwenye kitu chochote, zikafungua kuta na miili, na mapigano yake ndiyo yanayochekesha zaidi.

Ukisoma kwa ajili ya uchungu na uaminifu, mshike Bucciarati. Ukipenda mipango ya kupindua bosi wa genge kutoka ndani, Giorno atakutosha.